Simba na Buti la Kushoto

Usoke, alasiri ya kuamkia safari yako

Mwanangu Luhende,

Wengine huanza barua kwa salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Mimi pwani sijafika, kwa hiyo nakusalimu kwa wingi wa mchanga wa hapa Usoke, ule unaoingia kwenye uji na kitandani bila kubisha hodi. Kama unaisoma barua hii, najua mambo matatu juu yako. La kwanza, umefika Ufipa salama. La pili, umesikia baridi, maana vitu ulivyovikuta chini kabisa ya sanduku vilifunikwa na blanketi, na wewe blanketi hulitoi mpaka meno yaanze kugongana. La tatu nitakwambia mwishoni.

Sasa hivi umekwenda ng'ambo ya reli kumuaga mjomba wako, na kwa ninavyomjua mjomba wako, hatakuachia kabla ya jua kuzama. Mama yako yuko jikoni anakaanga karanga za safari. Mimi nimekaa barazani na karatasi nilizopewa na karani wa stesheni. Habari za kuamka mapema, kuchemsha maji, kusali, na kujihadhari na wasichana wanaocheka sana, mama yako amekwisha kukwambia mara nne, na kesho atakwambia mara ya tano treni ikiwa inaondoka. Sitayarudia. Mimi nina neno moja tu, nalo linahusu viatu. Pia linahusu simba, lakini simba anakuja baada ya viatu, kama ilivyokuwa siku ile.

Mwezi uliopita, barua ya Bwana Nyama ilipofika kukuita kwenye kazi ya uaskari wa wanyama, vijana wenzako walikuuliza utafanya nini ukikutana na simba huko bonde la Rukwa. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nasuka kamba ya ng'ombe. Ukawajibu, "Nitafanya kama baba. Nitampa mguu, na akiung'ang'ania nitamchoma mkuki wa shingo." Wakakupigia makofi. Mimi nikakata kamba ambayo sikukusudia kuikata.

Luhende, usimpe simba mguu. Usimpe hata kiatu. Simba aliyekula vidole vyangu viwili vya mguu wa kushoto hakuwahi kuwapo duniani. Vidole nilivipoteza kwa mabuti.

Haya, nimelisema. Nimeinua kichwa kutazama kama mbingu imeanguka. Haijaanguka, kuku wanaendelea kuchakura.

Mwingine angekuandikia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa mkuu ni mimi, na guu lililoharibika ni langu, kwa hiyo methali hiyo tuiache ilivyo. Wewe sikiliza tu ilivyokuwa.

Ukoo wetu ni ukoo wa miguu. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi na mizigo ya nguo na shanga, mara sita, bila kiatu. Walisema akikanyaga mwiba, mwiba ndio unaolia. Miguu hiyo ndiyo niliyorithi mimi, na ndiyo uliyorithi wewe: nyuma myembamba, mbele mipana kama jembe. Mtu mwenye mguu wa namna hii anapokwenda dukani kununua kiatu inampasa aende kwa unyenyekevu. Mimi nilikwenda kwa majivuno.

Wakati huo nilikuwa kijana, sijaoa. Kazi yangu ilikuwa kufuata nyayo za wanyama kwa ajili ya wawindaji, na kazi hiyo niliijua, sitakudanganya katika hilo. Akaja Mzungu mmoja mwenye ndevu za rangi ya nywele za hindi bichi, tukamwita Bwana Mahindi. Alitaka kwenda kuwinda nyati upande wa mto Ugalla, akanichagua niwe mkubwa wa wafuata nyayo wote. Kichwa kikavimba kabla ya miguu. Nikajiambia, mkubwa hawezi kwenda miguu mitupu kama wale anaowaongoza. Lazima avae mabuti.

Na kulikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa nimepeleka posa kwa baba yake mama yako, mzee Kasanda, naye alikuwa mwindaji wa kweli, mwenye makovu ya kweli. Akanijibu mbele ya watu, "Kijana huyu anafuata nyayo tu. Mnyama mwenyewe hajakutana naye." Maneno hayo yaliniuma. Nikaona nikipita mbele ya nyumba yake nimevaa mabuti, pengine atasahau aliyoyasema.

Basi nikaenda Tabora mjini. Karibu na soko kulikuwa na duka lililouza mabuti ya askari yaliyobaki tangu vita. Mengi yalikuwa makubwa, yamefifia, yamekunjamana. Jozi moja tu iling'aa, nyeusi, ina misumari chini inayolia ukitembea. Sikutazama nyingine. Nilifika dukani asubuhi mapema, miguu ikiwa imelala usiku kucha, imesinyaa. Nikayajaribu bila soksi. Vidole vikapandana kama abiria wa daraja la tatu. Mwenye duka akanitazama uso, akaona jasho, akaniambia neno ambalo limenifuata mpaka leo: "Yatatanuka."

Mwanangu, kiatu hakitanuki. Kinachotanuka ni mguu.

Nikiwa nimeyabeba mabuti yangu shingoni, nikasikia askari mmoja wa zamani akisema kwamba buti la porini sharti lipakwe nta ili lisipitishe maji. Nta! Nani wa kumfundisha Mnyamwezi habari za nta? Nyumbani kwa mama kulikuwa na chungu kizima cha masega yaliyokwisha kukamuliwa. Nta hutakiwa kuchemshwa, kuchujwa, kuachwa ipoe, kisha kuchemshwa tena mpaka asali yote itoke. Hilo nilijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa na haraka, nikaiweka juani kidogo ilainike, nikaipaka pamoja na asali yake na watoto wa nyuki wawili watatu humo humo. Mabuti yakang'aa ajabu. Mama akaniuliza kama nakwenda kuwinda au kutega inzi.

Mpishi wa safari ile alikuwa Salum, Mzaramo aliyekuja Tabora ujanani, akaoa mtaa wa Isevya, akabaki. Mzaramo na Mnyamwezi, unajua mwenyewe, ni watani tangu enzi za misafara. Akikutukana unacheka, akichukua kofia yako unamwambia asante, na kukasirika ni aibu kuliko kutukanwa. Salum aliponiona siku ile ya kuondoka aliweka sufuria chini.

"Enyi watu, njooni muone! Babu yake alikuja kwetu pwani na pembe begani na miguu mitupu, tukasema, kweli, hawa ni wanaume. Leo mjukuu kavaa mzinga!"

Nikacheka, kwa kuwa ni lazima. Lakini nyuki walimsikia, au walinusa, sijui. Siku ya kwanza porini nilikuwa mbele nikifuata nyayo, na nyuki kama thelathini wakanifuata mimi. Nyuma yangu alikuwa Bwana Mahindi, amevaa viatu vya turubai vyenye soli ya mpira, laini, havina sauti. Nyuma ya Bwana Mahindi hapakuwa na mtu. Wenzangu wote walikuwa wamekumbuka kazi mahali pengine.

Mabuti yenyewe yalilia, kwii, kwii, na misumari ikagonga kila jiwe. Tulimkaribia nyati dume mkubwa sana. Akainua kichwa, akasikiliza, akatutazama kama mwenye nyumba anayengoja wapita njia wapite, kisha akajiondokea kwa hatua za kawaida. Hakuona hata haja ya kukimbia. Bwana Mahindi akaniambia kwa upole, kwa Kiswahili chake, "Maganga, leo wewe fuata mimi." Mkubwa wa wafuata nyayo, nikamfuata Mzungu nyuma. Ukitaka kujua aibu ina urefu gani, ni kutoka pale mpaka kambini.

Siku ya pili tulivuka mkono mmoja wa mto. Maji yalifika magotini, mabuti yalifika kwenye vifundo vya miguu. Hesabu hiyo hata ng'ombe anaiweza. Maji yakaingia kwa juu. Na hapo ndipo nta yangu ilipofanya kazi yake barabara: haikuruhusu hata tone moja kutoka. Nikatembea kutwa nimebeba mto Ugalla, nusu mguu huu, nusu mguu huu. Ulikuwa mwezi wa kipupwe, usiku wa porini una baridi inayouma, na nilijifunza kwamba mguu ulioloa na kubanwa hauwezi kupata joto hata ukiuweka motoni. Niliuweka. Ngozi ya mabuti ikakauka ikajikunja, ikanikamata zaidi.

Utaniuliza kwa nini sikuyavua. Ndiyo mahali penyewe hapo, Luhende, na ndipo ninapoona aibu. Nilijua nikiyavua hayatarudi tena, kwa jinsi miguu ilivyovimba. Ningerudi kwetu mabuti mkononi, na Salum angetunga wimbo, na wimbo ungefika kwa mzee Kasanda kabla yangu. Kwa hiyo nililala nayo, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mnyamwezi," Salum akaniambia, "vua viatu."

"Miguu yangu haijambo."

"Mbona naisikia ikiniita mimi?"

Siku ya nne nilianguka. Sikujikwaa, nilianguka tu, kama mtu aliyesahau kusimama. Salum akaleta kisu chake cha jikoni, akalipasua buti la kushoto kutoka juu mpaka chini. Na Salum, ambaye sidhani kama aliwahi kunyamaza tangu alipozaliwa, akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi. Buti la kulia likatoka kwa shida, lakini mguu ule ulipona.

Lile lililopasuliwa alilitupa kando ya kambi. Usiku ule ule nyegere akaja kwa harufu ya asali, akalitafuna mpaka kwenye misumari. Kwa hiyo, kama kuna mtu atasisitiza kwamba katika habari hii lazima mnyama awepo, mwambie alikuwepo, tena mkali sana, ila alikula kiatu na si mguu.

Nilibebwa kwa machela siku mbili mpaka hospitali ya misheni. Mnyamwezi kubebwa! Sisi ndio tuliobeba mali ya nchi nzima. Salum alishika upande wa miguu na hakukubali kupokewa. Njia nzima aliwaambia wote tuliokutana nao, "Shuhudieni, leo Mzaramo kambeba Mnyamwezi!" Lakini nilimwona akifuta macho kwa mkono wa kanzu, akidai ni vumbi. Daktari akanikata vidole viwili, akaniambia ningechelewa siku mbili zaidi angekata mguu, na baada ya hapo asingekuwa na la kukata.

Sasa simba. Nilirudi Usoke kwa treni, nina mkongojo, mguu umefungwa bandeji. Stesheni palijaa watu, na katikati yao mzee Kasanda. Kabla sijakanyaga chini, Salum akapiga kelele kutoka mlangoni mwa behewa: "Mleteeni kiti! Simba kamla vidole Mnyamwezi! Kavitafuna viwili akavitema, kasema vichungu!"

Kila mtu anajua kwamba maneno ya mtani hupunguzwa nusu. Basi watu wa Usoke wakapunguza nusu. Wakaondoa kutema, wakabakiza simba.

Nilifungua mdomo niseme kweli. Naapa niliufungua. Lakini mzee Kasanda alikwisha kunishika mkono kwa mikono yake miwili, mikono ya mtu asiyeshika mikono ovyo, akasema polepole, "Kumbe umekutana naye mwenyewe." Na nyuma yake alisimama mama yako, amevaa kanga ya bluu, ananitazama. Nikaufunga mdomo. Sijui wewe ungefanyaje. Nimejiuliza miaka hii yote mimi mwenyewe nilipaswa kufanyaje, na kila nikifika kwenye ile kanga ya bluu, jibu linapotea.

Tulioana baada ya mavuno. Haukupita mwezi, mama yako akalikuta buti la kulia ndani ya gunia, akaligeuza huku na huku, akanusa, akaja akautazama mguu wangu. Akaniuliza jambo moja tu: "Baba weee, simba gani huyu anaacha alama za kamba za viatu?"

Nilimwambia yote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema siri yangu ataitunza, lakini kujizuia kucheka kila nikisimulia hawezi, kwa hiyo atakohoa. Sasa umeelewa kikohozi cha mama yako. Dawa zote zile ulizomchimbia ulipokuwa mdogo, mizizi na magome, zilikuwa zinatibu ugonjwa ambao ni mimi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita miaka ishirini na ushee na bado inaendelea. Simba alianza akiwa mdogo tu. Mwaka wa pili akaota manyoya ya shingo. Ulipozaliwa wewe akaanza kunguruma. Nilipofanywa mzee wa kanisa, mchungaji alinitaja katika mahubiri pamoja na Danieli, na mimi nikainamisha kichwa, watu wakasema tazama unyenyekevu wake. Kule kumpa mguu ili nipate nafasi ya mkuki nilikubuni kwa ajili yako. Ulikuwa na miaka mitano, una homa, hulali. Ulinishika kidole ukasema, "Baba, nisimulie tena." Nikaona simba akikupa usingizi, nikamwongezea ukali kidogo. Ningejua kwamba ulikuwa unajifunza kazi, ningekusimulia habari za sungura.

Mara moja nilijaribu kuungama mbele za watu. Salum alipofariki, ulikuwa bado unashika nguo ya mama yako, nilikwenda Isevya msibani na lile buti la kulia. Unajua mtani ana haki yake mazikoni. Jeneza lilipotoka nikalizuia njiani, nikainua buti juu, nikasema, "Haondoki huyu mpaka aseme kweli! Hakukuwa na simba! Kulikuwa na buti, hili hapa ndugu yake! Huyu ndiye aliyenipasua kiatu, huyu ndiye aliyenibeba siku mbili, na uongo ni wake, na leo ananiachia niulee peke yangu!" Nilikuwa nalia kweli. Waombolezaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee mmoja akanishika bega, akaniambia hajapata kuona mtani hodari kama mimi. Basi uongo uliosemwa kwa utani uliaminiwa, na kweli niliyoisema kwa machozi ikawa utani. Nikarudi nyumbani na buti langu.

Ndiyo maana nakuandikia. Ningekuambia uso kwa uso, ungecheka, nami ningecheka, na tungeishia pale pale. Na tuseme yote: niliogopa. Mtu mwenye kusifiwa kwa simba amemwogopa mwanawe.

Sasa Jumamosi iliyopita. Tulipokwenda wote Tabora kukuchagulia mabuti ya kazi, nilitaka kunyamaza, uchague mwenyewe kama mwanamume. Ukachukua yale ya kahawia yanayong'aa, membamba, mbele yamechongoka. Ukasimama, nikaona kisigino chako kinatafuta pa kukaa. Nikasema yanakubana. Ukasema, "Yatatanuka." Luhende, duka lote lilizunguka. Nikakushika mkono nikakwambia tazama yale makubwa kule pembeni. Ukanijibu kwa sauti, huku unacheka, "Baba, mguu uliouingiza kinywani mwa simba, leo unauogopea kiatu?" Watu wote wakacheka. Hukukosea, mwanangu. Ulisema kile nilichokufundisha. Nikatoka nje nikasimama juani, wewe ukalipa kwa fedha yako mwenyewe.

Jumatatu nilimwambia kila mtu nakwenda Isevya kumjulia hali shangazi yako. Shangazi yako sikumwona. Nilikuwa na unyasi mfukoni, nimeukata sawasawa na unyayo wako. Jumapili jioni uliporudi kisimani na madumu mawili ya maji, ulikanyaga mchanga uliolowa pale mlangoni, nami nikaupima unyayo kabla kuku hawajaupitia. Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimepima mwingine. Wa jioni ulizidi wa asubuhi kwa upana wa kidole kizima. Mguu wa mtu aliyechoka ndio mguu wake wa kweli, na huo ndio utakaokwenda nao porini. Nyayo zako nimezisoma tangu ulipoacha kutambaa. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua, na haina uongo ndani yake.

Nikalizunguka soko la Tabora mpaka alasiri ili miguu yangu nayo ivimbe, ndipo nikaingia dukani. Nikavaa soksi mbili za sufi alizofuma mama yako, nikajaribu kwa mguu wa kulia, maana wa kushoto si shahidi wa kuaminika. Nilimchosha mwenye duka. Nilitaka buti linalopanda juu ya kifundo, ulimi wake umeshonwa pembeni mpaka juu maji yasipate mlango, soli imeshonwa na si kupigiliwa misumari. Akanionyesha jozi moja ambayo, kusema kweli, ni mbaya sana. Rangi yake ni ya tope hata kabla ya tope. Nikaipeleka kwa fundi viatu wa Isevya aikague mishono. Akaingiza mkono, akaniambia, "Mzee, hili litampa joto, kwa sababu lina nafasi. Joto nalo linataka pa kukaa. Kiatu cha kubana kina baridi siku zote."

Sentensi hiyo ningeisikia miaka ile, leo ningekuwa na vidole kumi na pengine sina mke. Kwa hiyo sijui kama nijute.

Nta ameichemsha mama yako, mara tatu, akaichuja kwa kitambaa, kisha akailamba kuhakikisha. Mabuti akayapaka mwenyewe, akayaficha sandukuni mwako chini ya blanketi. Ukivuka maji yanayozidi kimo cha buti, vua, uvuke peku kama babu wa baba yako, uvae ng'ambo. Yakilowa usiyaweke motoni, yajaze nyasi kavu uyaache kivulini. Na mwenzako yeyote akikuambia uvue viatu, vua. Aliyekuambia anakupenda, hata kama anakucheka.

Ukikutana na simba, yule wa kweli, simama mahali ulipo, usimgeuzie mgongo, uwe na wenzako na bunduki ya serikali, na miguu yako yote miwili iwe chini. Simba wangu alikuwa rahisi kumuua kwa kuwa alikuwa wa mdomo tu. Naogopa, Luhende. Sikupata kuogopa hivi hata siku Salum aliponyamaza. Naogopa kukuzika kwa ajili ya hadithi niliyoitunga mimi. Nisamehe.

Kama kazi hii uliipenda kwa ajili ya simba yule peke yake, treni inayokwenda Mpanda ndiyo hiyo hiyo inayorudi. Shuka hapa Usoke, hakuna atakayekuuliza, na akiuliza mtu, mimi nitakohoa. Lakini kama unaipenda yenyewe, ifanye. Nyayo unazijua. Hizo nilikufundisha kweli.

Kesho stesheni nina hakika mkuu wa stesheni ataniomba niwasimulie abiria habari za simba, nami nitasimulia, kwa sababu sina ujasiri wa kuacha mbele ya watu wote wale. Mama yako atakohoa. Wewe utafikiri ni moshi wa treni. Ukisoma hapa, kumbuka na ucheke, na ukicheka utakuwa umenisamehe nusu. Nusu iliyobaki uniletee likizo.

Mama yako amesimama nyuma yangu sasa, anasoma. Ananuka karanga. Anasema nimeandika mno juu ya kanga ya bluu, na kwamba ilikuwa ya kijani. Simwamini.

Sasa lile la tatu. Barua hii nitaikunja mara nne, niisukume mpaka mbele kabisa ndani ya buti la kushoto, pale vinapokaa vidole viwili vya mwisho. Kwa macho usingeiona. Umeikuta kwa mguu. Ndiyo kusema umeyaacha yale yanayong'aa, ukavaa haya mabaya, kwa akili yako mwenyewe, kabla hujajua lolote juu ya simba. Hapo ulipofika wewe kwa baridi ya siku moja, mimi kufika kulinigharimu unachokijua.

Toa karatasi, rudisha mguu, funga kamba. Kisha vichezeshe vidole, kimoja kimoja, vyote vitano. Nivichezeshee na viwili vyangu.

Ni mimi baba yako, wa vidole vinane,

Maganga